Usiizike hiyo kadi ya mtandao bado

Ndugu wa Maseno, umesema tangu radi ya wiki jana intaneti yako inasuasua ingawa taa za kadi zinawaka kama kawaida, na fundi ameshakwambia ununue kadi mpya ya mtandao ya seva. Subiri kidogo. Nimepanda milingoti miaka tisa, kuanzia Riat hadi Luanda ya Vihiga, na kadi nilizozihukumu bure ni nyingi kuliko zilizokuwa zimekufa kweli.

Ile taa inasema tu kwamba pande mbili zimeonana. Kama data inafika salama, hilo haijui.

Tazama kasi kwanza. Kadi ya gigabiti ikikubaliana na redio, kile kifaa cha intaneti kilicho juu ya mlingoti, kwa megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1000, mshuku waya. Gigabiti inataka pea zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo. 100 inaridhika na mbili. Kuna kituo kimoja nilibadilisha kadi mbili, mteja ananitazama tu. Siku ya tatu nikakata plagi ya chini: nyaya za kahawia zimeota kutu ya kijani, na tone la maji likaniangukia kidoleni. Mvua ilikuwa ikiingilia juu kwenye redio, inateremka ndani ya ganda la kebo taratibu hadi ofisini. Aibu niliyoiona siku hiyo, wacha tu.

Kwa hiyo chomoa kebo ya mlingoti kabisa. Unganisha kadi na laptopu kwa waya mfupi unaouamini, kisha kwenye seva uendeshe ethtool -S, amri ya Linux ya kusoma hesabu za kadi, na uandike idadi ya makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika. Hamisha faili kubwa kwa dakika kumi, angalia tena. Namba kubwa iliyotulia ni habari ya zamani. Inayopanda ndiyo ya kuogopa. Ikipanda hata hapo, badilisha waya na laptopu, hamishia kadi kwenye sloti nyingine. Ikiendelea kupanda, basi fundi wako alisema kweli. Anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi, ikisomeka sufuri tupu, au kadi isipoonekana kwenye lspci, amri ya kuorodhesha kadi zilizomo kwenye mashine, nayo ni dalili mbaya. Hakikisha pia hakuna aliyefunga dupleksi (mpangilio wa kutuma na kupokea kwa pamoja au kwa zamu) kwa mkono upande mmoja na kuacha otomatiki upande wa pili. Hilo huleta kusuasua kulekule.

Hata ukinunua mpya, usiichomeke kabla hujakagua waya wa kupeleka radi ardhini na kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla. Radi za huku kwetu unazijua. Mimi siku hizi navuta faiba, kebo ya nyuzi za kioo, kati ya mlingoti na ofisi, maana kioo hakipitishi umeme.

Leta hapa hizo namba za CRC, na upime urefu wa kebo yako ya shaba. Ikizidi mita 100, mchawi tumeshampata.