Mradi wa darasani upewe nafasi ya kuundwa mara ya pili

Swali la wiki hii liliwauliza wasomaji kama miradi ya kubuni na kuunda vifaa kwa mikono iwe sehemu ya lazima ya masomo ya sayansi katika shule za sekondari, au kama inakula muda ambao mwanafunzi angeutumia kujiandaa na mtihani. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya kata hapa Tanzania, na jibu langu ni kwamba iwe ya lazima, kwa sharti moja ambalo hupuuzwa mara nyingi: kila kikundi kipewe muda wa kuunda kifaa chake mara ya pili, baada ya kile cha kwanza kupimwa na kasoro zake kuonekana. Mradi usio na awamu hiyo ni kazi ya mikono, nayo ina faida zake, lakini haumfundishi mtoto kufikiri kama mhandisi.

Nitachukua mfano wa kibuyu chirizi, ambacho wasomaji wengi wanakijua. Ni dumu la lita 5 linaloning'inizwa kwenye ufito uliolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda, shingoni limefungwa kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, ili anayenawa asiguse chochote isipokuwa maji na sabuni. Kwa kuwa kila mtu amekiona, ni rahisi kudhani kwamba hakina la kufundisha kidato cha pili. Mwalimu akisema tu, "Tengenezeni kibuyu chirizi," ni kweli hakitafundisha mengi, kwa sababu wanafunzi wataiga kile cha shule ya msingi ya jirani na kazi itaishia hapo. Kazi hubadilika pale mwalimu anapotoa masharti yanayopimika kabla kamba haijakatwa: lita 5 ziwanawishe wanafunzi 40, yaani mililita 125 kwa kila mmoja, mtoto wa darasa la kwanza aweze kukikanyaga, dumu lirudi wima lenyewe mguu unapoondolewa, na usiku lisivuje hata tone.

Masharti hayo yanapingana, na mgongano huo ndio moyo wa somo. Tundu la maji likitobolewa juu, karibu na shingo, dumu hubeba maji mengi bila kuvuja likiwa wima, lakini lazima liiname sana ndipo maji yalifikie tundu, na kwa hiyo kijiti hulazimika kushuka kuliko mguu mfupi unavyoweza kukisukuma. Likitobolewa chini, mtoto mdogo ataweza kuliinamisha, ila maji yote yaliyo juu ya tundu yatachuruzika kabla ya mtu yeyote kuja kunawa. Tundu pana humaliza maji mapema, na jembamba huwafanya watoto wachoke kusubiri, waondoke na povu mikononi. Hakuna kitabu kinachotoa jibu moja sahihi hapa. Kikundi kinapaswa kuchagua, kipime kwa chupa ya nusu lita na saa, kisha kieleze kwa nini kimechagua hivyo.

Lipo pia jambo ambalo vikundi hulikuta bila kulitarajia. Mfuniko ukikazwa vizuri, maji hutoka kwa nguvu kwa muda mfupi, yakapungua, kisha yakakata, ingawa ndani yamejaa tele. Wanafunzi hudhani tundu limeziba. Hulichokonoa kwa msumari, wengine hulipanua na kuharibu hesabu yao yote ya mililita 125. Kinachotokea ni kwamba hewa iliyobaki juu ya maji inatanuka, presha yake inashuka, na hewa ya nje inayazuia maji kutoka. Anayelitambua hilo hutoboa kwa msumari wa moto tundu dogo la pili upande wa nyuma, juu ya usawa wa maji, na maji yakaanza kutiririka sawasawa. Presha ya hewa walikuwa wameshaisoma, na pengine wameshaijibia swali la mtihani wakapata alama. Lakini nimeona jinsi nyuso zao zinavyobadilika siku wanapoikuta ndani ya dumu waliloliunda wenyewe, na sijaona zoezi la ubaoni linalofanya hivyo. Mambo mengine hujitokeza yenyewe baada ya wiki chache: kijiti huchimba shimo la tope, kamba hulika inapogusa nguzo, mchwa huanza kula miti.

Sasa fikiria kwamba mradi unafungwa siku ya kwanza ya kupima, alama zinatolewa na vifaa vinawekwa stoo. Kikundi ambacho maji yake yalikata kinapata alama ndogo na kuondoka kikiamini kwamba hakina kipaji, wakati ndicho kilichofikia mahali pa kujifunza zaidi. Kwa hiyo napendekeza kwamba sehemu kubwa ya alama itoke kwenye daftari la mradi: masharti, michoro, vipimo vya kifaa cha kwanza, kilichobadilishwa na sababu yake, na vipimo vya kifaa cha pili. Daftari hilo liruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili, hata kama somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, maana mtoto anayetafuta maneno ya kueleza kilichoharibika hana budi kwanza kukieleza kwa ukamilifu katika lugha anayoimudu.

Lipo suala la vifaa na gharama, ambalo linaniuma kuliko mengine. Tangu mtaala wa umilisi, yaani unaotazama kile mtoto anachoweza kufanya, ulipoanza kutumika nchi nzima huko Kenya mwaka 2019, wazazi wengi wamelalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani na orodha za vitu vya kununua, na kwamba mwishowe mzazi ndiye anayekaa usiku akifanya kazi ya mtoto. Malalamiko hayo ni ya haki, na Tanzania tuyasikilize mapema, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024, pamoja na mkondo wake wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, unatupeleka kwenye vitendo zaidi. Dawa yake si ngeni. Katika miaka ya 1970, Profesa Woodie Flowers wa chuo cha MIT nchini Marekani alikuwa akiwapa wanafunzi wake wote mfuko wa vifaa vilevile, kisha wakashindana kuunda mashine kutokana na vifaa hivyo tu. Mwenye fedha hakuweza kununua ushindi. Shule ya kata haihitaji mfuko wa MIT. Dumu moja lililotumika, mita chache za kamba, misumari kadhaa na miti ya uani vinatosha kikundi kizima, mradi kila kikundi kipate kiasi kilekile na kazi yote ifanyike shuleni.

Kuhusu mtihani, sitaficha kwamba mradi wa namna hii unachukua vipindi, na mwalimu mwenye mada nyingi zilizobaki ana haki ya kuwa na wasiwasi. Hata hivyo kibuyu chirizi kimoja kinagusa presha, momenti za nguvu, nyenzo na vipimo, na hayo yote ni mambo ya mtihani. Muda tunaoudhani umepotea tunaurudisha tunapofika kwenye mada hizo na kukuta darasa tayari lina kitu cha kukumbuka. Pasipo na nafasi ya mradi mrefu, kipindi kimoja kinaweza kufanya kazi nzuri. Mwalike fundi seremala aeleze kwa nini mbao ya inchi 2 kwa 4 husimamishwa kwa ubavu wake mwembamba anapofunga kenchi, kisha wanafunzi waegemeze rula ya plastiki kati ya madawati mawili na kuning'iniza mawe, kwanza ikiwa imelazwa, halafu ikiwa imesimamishwa. Kwa vipimo vya mbao hiyo, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara 4 inaposimamishwa, na mzigo inaoweza kubeba kabla ya kuvunjika huongezeka mara 2. Fundi analijua hilo kwa mikono yake, na mwanafunzi atajua linatoka wapi.

Darasa kubwa ni kikwazo cha kweli. Kwangu kinachosaidia ni vikundi vya watu watano au sita, kila mmoja akiwa na wajibu wake, na wajibu huo ubadilishwe kila wiki. Nasisitiza kubadilisha kwa sababu nimeona jinsi vikundi vikiachwa vijipange vyenyewe, wavulana wanavyoshika msumeno na nyundo, na wasichana wanavyopewa daftari kwa kisingizio kwamba wana mwandiko mzuri. Msichana anayemaliza muhula bila kutoboa dumu lolote amenyimwa somo, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya alama.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ziunganishe akili na mikono, lakini katika shule nyingi iliishia kuwa jembe na shamba, tena wakati mwingine kama adhabu. Miradi hii nayo inaweza kuishia kuwa mapambo ya siku ya wazazi. Ndiyo maana ningependa wizara, inapowapa walimu mwongozo wa miradi, iandike wazi kwamba kipimo cha kwanza kifanyike kabla ya nusu ya muhula, kwamba vipindi vya marekebisho viwekwe kwenye ratiba kama vipindi vingine, na kwamba siku ya wazazi kila kikundi kionyeshe vifaa vyake vyote viwili, cha kwanza na cha pili, pamoja na vipimo vyake, na mwanafunzi yeyote wa kikundi hicho aweze kueleza kilichobadilika.