Maswali ya Wasomaji: Je, Amplifaya ya Redio Huchoka?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajitolea katika redio ya jamii wilayani Kongwa. Mtambo wetu wa FM ni wa wati 300, lakini ifikapo saa saba mchana hushuka wenyewe hadi wati 150 hivi, na jioni hurudi. Fundi anasema amplifaya (sehemu inayoupa mtambo nguvu ya kurusha) imechoka, tununue ya wati 1,000 ili tusikike mara tatu ya umbali wa sasa. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, amplifaya iliyochoka hairudi kazini kila jioni. Dalili ulizoeleza ni za mtambo unaojilinda.

Amplifaya haiikuzi ishara yenyewe kama chachu inavyoumua unga. Ishara ndogo kutoka eksaita (kifaa kinachotengeneza ishara ya redio), ya wati chache tu, hufungua na kufunga transista, yaani swichi ndogo ya umeme, mamilioni ya mara kwa sekunde (mara milioni 98 mkirusha kwenye megahezi 98), na transista hiyo hupitisha umeme mwingi wa pawasapulai (kifaa kinacholisha mtambo umeme), mara nyingi wa volti 50 hivi, kwa kufuata mdundo uleule. Kwa kuwa katika FM sauti imebebwa na mabadiliko ya masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde), wala si ukubwa wa wimbi, transista inaweza kuachwa ipitishe umeme kwa sehemu tu ya kila mzunguko, jambo linalookoa umeme mwingi. Wimbi linalotoka hapo huwa limekatika-katika, ila sakiti ya koili na kapasita hulirudishia umbo lake, kama bembea inayosukumwa mara moja kila inaporudi, na kichujio huzuia masafa ya ziada, kama megahezi 196, yasifike kwenye antena.

Hata hivyo, si umeme wote unaogeuka mawimbi. Kwa ufanisi wa asilimia 70, wati 300 zinazotoka huhitaji takribani wati 430 kuingia, na zile 130 zinabaki ndani kama joto, ambalo huondolewa na mapezi ya alumini na feni. Vumbi la kiangazi la kwetu likiziba chujio la hewa, na chumba chenyewe kikiwa cha moto adhuhuri, kipima joto huamuru nguvu ipunguzwe kabla transista haijaungua.

Kuna chanzo cha pili. Mtambo, waya na antena hutengenezwa vilingane kwa omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Kiungo kikilegea au maji yakiingia kwenye waya, sehemu ya nguvu hurudi ilikotoka, na mtambo hujipunguza vilevile. Basi safisheni chujio, kisha someni mita ya nguvu inayorudi asubuhi na tena saa saba: isipopanda, shughulikieni joto, ikipanda, kagueni viungo vya waya hadi juu ya mnara.

Kuhusu wati 1,000, hesabu ya fundi wako siikubali. Ukubwa wa wimbi mahali alipo msikilizaji huongezeka kwa kipeuo cha pili cha wati, yaani mara 1.8 tu, na kwa kuwa mawimbi ya VHF (kundi la masafa linalotumiwa na redio za FM) husafiri karibu katika mstari ulionyooka, wati hizo hazitaisogeza milima ya Kiboriani. Fedha hiyo ingefaa zaidi kuinua antena.

Na mnapokagua, zimeni mtambo kwanza. Amplifaya ikiwashwa bila antena, nguvu yote huirudia transista, na inaweza kuungua mara moja.