Kabla ya kudai maji, kaa kwenye foleni

Barua yetu ya kwanza ya kudai maji ilikuwa na kurasa nne na sahihi tele, na haikutufikisha popote. Mimi ni mmoja wa walioiandika. Tulieleza kwa uchungu jinsi watu wanavyohangaika, tukakumbusha kwamba maji ni uhai, tukawaomba wahusika walitazame suala letu kwa jicho la huruma. Baada ya miezi tukajibiwa kwamba barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Hatukusikia tena.

Ilinichukua muda kuelewa tulipokosea. Tuliomba huruma mahali ambapo tulikuwa na haki. Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 64/292 linalotambua maji safi ya kunywa na huduma za usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, 41 zilijizuia kupiga kura, na hakuna iliyopinga. Kabla ya hapo, mwaka 2002, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni ilishafafanua haki ya maji: yawe ya kutosha, salama, yanayokubalika kwa mtumiaji, yanayofikika, na ya gharama ambayo mtu anaimudu.

Kama unataka kuanza kutetea mtaa au kijiji kilichosahaulika, anza na mambo hayo matano, maana kila moja linaweza kupimwa. "Tunateseka" haina kipimo, na ofisa asiye na nia ataipokea, ataihurumia, kisha ataiweka kabatini.

Mara ya pili tulichukua daftari na saa. Tukakaa kwenye bomba la jamii siku saba mfululizo, kwa zamu, kuanzia alfajiri mpaka bomba linapofungwa. Tuliandika mtu amefika saa ngapi, ameondoka saa ngapi, amebeba madumu mangapi, na kama ni mtoto, mama, kijana au mzee. Majina hatukuandika, na nitaeleza sababu.

Wiki ile ilinifundisha kuliko vikao vyote nilivyowahi kuhudhuria. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, ukiacha dumu lenyewe. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, inahitaji safari tano, yaani kilo 100 juu ya kichwa au mgongo wa mtu, na kesho yake ni hivyo hivyo. Na hizo lita 20 ni kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria lita 50 hadi 100 kwa mtu mmoja kwa siku ili mahitaji ya msingi yatimie bila kuhatarisha afya. Kuna kipimo kingine ambacho nakusihi ukikariri: dakika 30. Katika takwimu za pamoja za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, chanzo cha maji safi ambacho kwenda, kupanga foleni na kurudi kunazidi dakika 30 hakihesabiwi kuwa huduma ya msingi. Kwenye ripoti za ofisi, mtaa ule ulikuwa umeshafikiwa na maji, kwa sababu bomba lipo. Kwenye daftari letu, wengi walizidi saa nzima. Bomba lilikuwepo, na watu walikuwa hawana maji.

Lakini usiwahesabu wanaokuja tu. Tafuta wasiokuja. Siku ya nne mwenzetu mmoja aliuliza mbona hatujamwona mtu yeyote mwenye kiti cha magurudumu, wakati mtaani wapo. Tukatazama bomba upya: lilijengwa juu ya jukwaa lenye ngazi tatu. Kulikuwa pia na kundi la watu waliokuja usiku tu, wengine wakishamaliza, kwa sababu mchana madumu yao yalisogezwa nyuma na hakuna aliyewatetea. Mambo haya huyaoni kwenye ramani ya mabomba.

Fuatilia na gharama, maana hapo ndipo dhuluma inapojificha vizuri zaidi. Mahali pengi bei ya maji hupanda kwa ngazi: anayetumia kidogo analipa kidogo kwa kila uniti, anayetumia sana analipa zaidi. Nia yake ni njema. Sasa chukua wapangaji kumi wanaotumia mita moja. Kila familia inatumia maji kidogo, ila mita inajumlisha yote, na maskini hao wanatozwa bei iliyokusudiwa mwenye bustani kubwa. Wasio na mita kabisa wananunua kwa wachuuzi, na mara nyingi lita moja huwagharimu zaidi kuliko anayefungua bomba ndani kwake. Mpangaji akitaka kuunganishiwa maji anaambiwa alete hati ya kiwanja. Hati ataipata wapi? Ukilijua hili, dai lako linabadilika: badala ya "leteni maji" unasema "pokeeni barua ya ukaazi badala ya hati ya kiwanja". Dai la namna hiyo ofisa anaweza kulikubali au kulikataa, lakini hawezi kulizunguka.

Sasa choo. Kuhusu maji kila mtu atazungumza. Ukitaja choo, mkutano unanyamaza. Ndiyo maana choo huachwa nyuma kila mahali. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa na maji ya kunywa yanayosimamiwa kwa usalama, lakini waliokosa huduma ya choo ya kiwango hicho walikuwa bilioni 3.5. Ushauri wangu ni kukaa na wanawake na wasichana peke yao, mazungumzo yakiongozwa na mwanamke. Mimi nilitoka nje, na waliporuhusu niletewe yaliyosemwa, niliona aibu kwa yale niliyodhani nayajua. Nilitarajia waombe vyoo zaidi. Walitaka komeo kwa ndani, taa njiani, na mahali pa kujisafisha na kutupa taulo wakati wa hedhi. Baadhi yao walikuwa hawanywi maji kuanzia jioni ili wasilazimike kutoka usiku.

Uliza pia shimo likijaa nani analitapisha, na kinyesi kinaishia wapi. Kama jibu ni kwamba linafunguliwa mvua ikinyesha ili maji yabebe, basi choo hicho ni mzigo uliohamishiwa kwa jirani wa bondeni. Na wale wanaoingia shimoni kwa ndoo na koleo, ambao hewa ya humo inaweza kuwaua kabla hawajapiga kelele, wawemo katika madai yako. Wao ni wa pembezoni kuliko wote, na nimeona kampeni nzima ya vyoo ikipita bila kuwataja.

Kuhusu majina. Mpangaji anayelalamika anaweza kufukuzwa. Anayeuziwa maji na mtu mmoja tu anaweza kunyimwa. Usiandike jina wala kupiga picha kabla ya kumweleza mhusika itatumika wapi na kumpa nafasi ya kukataa. Hakuna bomba linalostahili kununuliwa kwa makazi ya mtu.

Siku ya kuwasilisha, kaa kimya. Sisi daftari tulimkabidhi mama anayechota maji pale kila siku, naye akalisoma mwenyewe mbele ya wakubwa. Walipomuuliza kama tatizo si foleni ya asubuhi tu, aliwaeleza presha inashuka saa ngapi na siku zipi za mgawo maji yanakuja machafu. Mimi nisingeweza kujibu swali lile. Hakikisha tu mnafika kabla bajeti haijafungwa. Ulizeni mapema inaandaliwa mwezi gani, maana baada ya hapo mtapewa pole.

Tuliomba mambo matatu, kila moja na tarehe yake. Saa za bomba ziliongezwa ndani ya wiki chache. Ngazi zilibomolewa na kujengwa njia ya mteremko, baada ya karibu mwaka mzima wa kukumbushana. Barua ya ukaazi bado inabishaniwa, na tunaenda kila kikao.

Miezi mitatu baada ya ushindi wa kwanza, saa za bomba zilipunguzwa tena, bila tangazo. Tuliligundua siku ya pili yake, kwa sababu wasichana wawili wa mtaani walikuwa bado wanaandika kwenye daftari.