Ile njia ya $MFT haifuti mafaili, inagandisha tu

Mkuu umeuliza kama kufungua kiungo cha c:\$MFT\123 kunafuta mafaili ya kompyuta: hapana, data zako ziko salama. Kiungo hicho si kirusi, ni kasoro iliyojulikana Mei 2017 kwenye NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski) ya Windows Vista, 7 na 8.1. Windows 10 haikuguswa.

$MFT ni faili la siri ambalo NTFS inaandikia orodha ya mafaili yote ya diski. Kwa kawaida hakuna programu inayoruhusiwa kulifungua. Lakini ukiandika jina lake kana kwamba ni folda, ukaomba kitu ndani yake, draiva (programu inayoendesha NTFS) inalifunga kufuli halafu inasahau kulifungua. Kuanzia hapo kila programu inayotaka kugusa diski inapanga foleni nyuma ya kufuli hilo. Kishale cha mausi kinaweza kuendelea kutembea, ila madirisha yanaganda moja baada ya jingine mpaka uzime kwa kubonyeza kitufe cha pawa. Ukiwasha tena, inafanya kazi kama kawaida, ingawa kazi ambayo hukuisevu ndiyo imekwenda hiyo.

Ubaya wake ni kwamba ukurasa wa wavuti ungeweza kuiweka njia hiyo kama anwani ya picha. Chrome ilizuia, Internet Explorer ikaifuata.

Wazee wa Windows 95 na 98 wataikumbuka c:\con\con, kasoro ya njia ya faili inayofanana na hii, ambayo Microsoft waliitolea kiraka Machi 2000. Ile ilikuwa skrini ya bluu (kompyuta inakwama na kuonyesha kosa) moja kwa moja.