Maswali ya Wasomaji: Bwana Shamba Aanzie Sokoni

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wanaofundisha mboga: maafisa ugani, walimu wa vyuo vya kilimo na viongozi wa vikundi vya Malindi na Lamu. Tumechagua tano.

SWALI: Assalam aleikum wahariri. Nimepewa kazi ya kuwanoa maafisa ugani 20 kutoka Malindi, Magarini na Lamu kwa siku 5: kilimo cha mboga, utunzaji baada ya kuvuna, na soko. Ratiba niliyokabidhiwa inaanza na udongo, na soko limewekwa Ijumaa mchana. Hapo wengi watakuwa washafunga mikoba. Mnashaurije? *Mkufunzi, Malindi*

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Ipindue ratiba. Soko liwe Jumatatu alfajiri, kabla hata ya hotuba ya ufunguzi. Wazo hili si letu. Mwaka 2006 Wizara ya Kilimo ya Kenya na shirika la Japani la JICA zilianzisha mradi wa SHEP, na msingi wake ulikuwa huo: mkulima aende mwenyewe kuchunguza soko, ndipo achague zao. Alime kwa sababu yupo mnunuzi, asilime kwanza kisha aanze kumtafuta.

Wagawe wawiliwawili, kila jozi na mboga yake, kwa mfano nyanya, bamia, biringanya, mchicha, matango. Wapeleke soko la Malindi saa 11 na nusu alfajiri, magari yanaposhusha. Kila jozi ibebe mizani ndogo, kwa sababu mboga zetu huuzwa kwa fungu, kwa ndoo na kwa pakacha, na bei ya fungu haina maana mpaka ujue uzito wake. Nunueni mafungu matatu kwa wachuuzi watatu, myapime hapohapo. Mtaona bei ni moja na uzito mbalimbali, na tofauti hiyo ndiyo bei ya kweli.

Maswali ya kumuuliza mchuuzi yasizidi saba: anapata mzigo kutoka wapi, miezi gani haupatikani, anataka ukubwa na rangi gani, anachukua kiasi gani kwa siku, analipa taslimu au baada ya muda, mzigo gani huukataa, na sababu yake. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye faida zaidi. Swali la kuepuka ni "unanunua kwa bei gani?" Hakuna atakayekwambia kweli mbele ya wateja. Mwulize mwenye gari aliyeleta mzigo.

Wakirudi darasani, waandae kalenda kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuuza hadi siku ya kupanda. Mfano mzuri ni Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haifai mwaka huu. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, mwezi ukiandama. Nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hadi 5, kisha siku 70 hadi 80 shambani kabla ya chumo la kwanza. Maana yake mbegu ziwe kitaluni kabla ya katikati ya Oktoba. Hapo afisa mwerevu atainua mkono: maua yatatoka Desemba, kaskazi imeanza, na usiku ukizidi nyuzijoto 21 hadi 24 maua mengi hupukutika bila kushika tunda. Basi achague aina inayostahimili joto, au ashike matango, ambayo hupandwa moja kwa moja shambani na kuvunwa baada ya siku 45 hadi 55.

Zoezi la hesabu usiliache. Wape namba hizi za mfano: kilo 400 za nyanya, bei shambani shilingi 60 kwa kilo, bei sokoni 80. Usafiri 2,000, ushuru na upakiaji 600, kibarua 800. Akiuza shambani anapata 24,000. Akipeleka sokoni na nyanya zikaharibika asilimia 8, atauza kilo 368 kwa 29,440. Toa gharama 3,400, zinabaki 26,040. Amefaidi. Zikiharibika asilimia 15, kilo 340 zitampa 27,200, akitoa gharama anabaki na 23,800, chini ya bei ya shambani. Mpaka wenyewe uko kwenye kilo 57 hivi. Wakishaliona hilo, hutalazimika kuwabembeleza wasikilize somo la kreti. Kasha kubwa la mbao linaloshindiliwa hadi juu huziponda nyanya za chini kabla gari halijawasha moto. Kreti ya plastiki ya kilo 20, isiyojazwa kupita ukingo, hupangwa juu ya nyingine bila kugusa tunda.

Udongo, kitalu na wadudu vichukue siku mbili zinazofuata, shambani, si kwa projekta.

SWALI: Kikundi chetu Mpeketoni kilijengewa kijumba cha mkaa cha kupozea mboga, kuta mbili za waya, mkaa katikati, maji yakidondoka. Tulifundishwa kuwa hushusha joto kwa nyuzi 10. Chetu ukiingia ni kama chumba cha kawaida. Fundi alikosea wapi? *Afisa ugani, Lamu*

JIBU: Huenda fundi hakukosea. Kijumba hicho hupoza kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, na maji hugeuka mvuke upesi pale hewa ilipo kavu. Hewa ya pwani imejaa unyevu tayari.

Lifanye hili kuwa somo la dakika 20. Chukua vipimajoto viwili vya aina moja. Kimoja kiache kikavu, kingine kifunge kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha, kisha vipepee vyote kwa kawa hadi namba zisimame. Tofauti ya namba hizo ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho kijumba chochote cha maji kinaweza kushusha mahali hapo, saa hiyo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 40, kama ya bara kavu, kipimajoto chenye kitambaa husoma karibu 20. Hewa ileile yenye unyevu wa asilimia 75 husoma karibu 26. Kwa hiyo kwenu ni nyuzi 4 kwa nadharia, na 2 au 3 kwa vitendo. Afisa apime kabla kikundi hakijachangishwa hata shilingi.

Kijumba msikibomoe. Kwa mboga za majani bado kina kazi, kwani mchicha na sukuma wiki hufa kwa kukauka kabla ya kuoza. Wapeni wanafunzi mafungu matatu ya mchicha yenye uzito sawa: moja juani, moja kivulini, moja ndani ya gunia lililoloweshwa kivulini. Wapime kila saa tangu saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, na waandike fungu linaanza kulegea likiwa limepoteza gramu ngapi.

Kwa ubaridi wa kweli, chumba kidogo chenye kuta na dari zilizozibwa joto na kiyoyozi cha kawaida cha nyuzi 16 hadi 18 kinatosha kwa mboga za matunda. Wengi hudhani baridi ikizidi ndio bora. Nyanya, bamia, biringanya na tango zikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 huumia: nyanya hukosa kuiva sawasawa, tango hupata mashimo laini, bamia hubadilika rangi. Ndiyo maana barafu ya samaki si ya kumwagia bamia, licha ya kuwa inapatikana kwa urahisi Malindi na Lamu. Na ile iliyokwisha kugusa samaki haifai kwa mboga yoyote.

Rahisi kuliko vyote ni saa ya kuvuna. Kila joto likipanda nyuzi 10, mboga hupumua na kuchakaa mara mbili hadi tatu kwa kasi. Mzigo wa kuvuka kutoka Mokowe kwenda kisiwani uvunwe alfajiri, ukae chini ya makuti, na ukifika gatini usiachwe juani ukisubiri punda.

SWALI: Nyanya zetu kando ya Mto Sabaki hunyauka mchana zikiwa kijani kibichi. Wakulima wanapiga dawa ya ukungu kila wiki bila nafuu. Niwafundisheje wenzangu kutambua? *Bwana shamba, Magarini*

JIBU: Kwa bilauri ya maji safi. Kata shina la mche ulionyauka karibu na ardhi, kipande cha sentimita 10, ukining'inize wima ncha ya chini ikigusa maji, usitikise. Ukiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka taratibu kutoka kwenye mkato. Kusipotoka kitu, chunguza zaidi: majani ya chini yamegeuka manjano, mara nyingi upande mmoja, na ndani ya shina kuna kahawia, huo ni mnyauko wa ukungu wa fusari; mizizi ikiwa na vinundu, hao ni minyoo wa mizizi, na mchanga wetu wanaupenda sana.

Dawa ya ukungu haiui bakteria, basi hapo mkulima anachoma pesa. Mche ung'olewe pamoja na udongo wake, usitupwe mferejini, kwani maji ya kumwagilia huupeleka ugonjwa kwa jirani wa chini. Mahali hapo pasirudishwe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi; mahindi yanafaa.

Suluhisho la kudumu zaidi ni kubandikiza nyanya juu ya shina la biringanya sugu, kama EG203 inayopendekezwa na Kituo cha Mboga cha Dunia. Biringanya ipandwe kitaluni siku chache kabla ya nyanya ili mashina yalingane unene. Kata yote mawili kwa mshazari, unganisha kwa kijibomba cha mpira, kisha weka miche gizani penye unyevu mwingi kwa siku 2 au 3 kabla ya kuizoesha mwanga. Hapa unyevu wa pwani uliokiangusha kijumba cha mkaa unafanya kazi yetu. Wengi hushindwa kwa kuharakisha: wakiona majani yamesimama siku ya pili huitoa nje, na kufika jioni imelala. Kiungo kibaki juu ya udongo, la sivyo nyanya itatoa mizizi yake na kinga yote imepotea.

SWALI: Jiki kiasi gani ya kuoshea nyanya? *Mwanafunzi wa kilimo, Kilifi*

JIBU: Soma chupa kwanza. Ikiwa klorini ni asilimia 3.5, mililita 60 kwa ndoo ya lita 20 hukupa karibu miligramu 100 kwa lita. Ondoa tope kwa maji ya kawaida kwanza, kwani uchafu huimaliza klorini, na badilisha maji yakianza kuwa na rangi. Maji yasiwe baridi kuliko nyanya: tunda la moto likitumbukizwa kwenye maji baridi huyanyonya kupitia kovu la kikonyo, na vijidudu huingia nayo. Usichanganye na sabuni nyingine wala siki.

SWALI: Visima vya upande wa Gongoni vina chumvi. Kuna mboga ya kulima? *Kiongozi wa kikundi*

JIBU: Ipo, ila pima, usionje. Afisa wako awe na kipimo cha mkono kinachosoma chumvi kwa desisimensi kwa mita. Mavuno ya maharagwe huanza kupungua maji yakifika 0.7, kitunguu 0.8, pilipili hoho 1.0, nyanya 1.7, na kunde 3.3. Kunde basi ndiyo ya kwanza kujaribu, na majani yake yana soko. Mwagilia shinani, kwani maji ya chumvi yakikauka juu ya jani huliunguza. Kisima kipimwe tena Machi, kaskazi inapokwisha na kabla ya mvua, maana hapo ndipo chumvi huwa juu.