Kwa nini 127 zinalingana lakini 128 hazilingani katika Java

Ndugu, umeeleza kwamba programu yako ya Java, lugha ya kuandikia programu, inalinganisha namba mbili za aina ya Integer kwa alama ya ==, nayo hukubali zikiwa 127 lakini hukataa zikiwa 128; hitilafu hii imewahi kunipotezea siku nzima. Kigeu cha int hubeba namba yenyewe, ilhali cha Integer hubeba rejeo la kitu kilichomo katika kumbukumbu, na alama hiyo hulinganisha marejeo. Java huweka tayari vitu vya -128 hadi 127 na kuvitumia tena, ilhali kwa 128 kwa kawaida huunda kitu kipya, ndiyo maana majaribio ya namba ndogo hudanganya. Tumia Objects.equals, ambayo hulinganisha thamani zenyewe na huvumilia null, yaani rejeo lisiloelekeza kwenye kitu chochote. Usikimbilie int kila mahali, kwani kugeuza Integer iliyo null kuwa int huangusha programu. Mfumo ukihusu fedha, mwombe mtaalamu aupitie kwanza.