Hela iende kwenye prosesa au kadi ya grafiki?
Mkuu, umeuliza hela uitupie prosesa au kadi ya grafiki, hapo inategemea unarenda (yaani kompyuta inageuza kazi yako ya 3D kuwa picha kamili) na programu gani. Kama ni Blender, programu ya 3D, kwa Cycles, injini yake ya kurenda, weka nguvu kwenye kadi, na usiangalie spidi tu, angalia na memori yake, maana sini (mandhari unayorenda) ikijaa miti na tekscha, zile picha za kuvalisha vitu, za 4K kadi ya GB 8 inakabwa, mi yangu ilikuwa inagoma katikati ya kazi nimelala zangu, asubuhi naamka nakuta erori tu. Ya GB 16 angalau unapumua. Ila kama ni Corona, injini nyingine ya kurenda, ile inarenda kwa prosesa, kadi kali haikuongezei spidi ya kurenda, tafuta prosesa yenye kori nyingi. Ramu GB 64. Pawa saplai usibanie kabisa, afu feni nzuri, kurenda masaa 6 mfululizo sio gemu.